Mtoto Aliyepungua Akipona

Nimeandika mwanzo wa habari hii mara nyingi nikaufuta. Kila mara nilitafuta sentensi safi, ambayo mtu angeisoma na kusema huyu binti anajua anachosema. Lakini nilichokijua wakati ule kilikuwa kidogo, na karibu chote nilikitoa kwenye kitabu kimoja cha kurudufiwa, kilichokatika jalada, ambacho nilikisoma huku kamusi iko pajani. Basi nianze na kijiko.

Kilikuwa kijiko kidogo cha plastiki, kile kinachokuja ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Maziwa yenyewe hayakuwa ya chai. Yalitengenezwa kwa ajili ya watoto walioshikwa na njaa mpaka mwili ukaanza kujila wenyewe, na yalitufikia kwa msaada wa watu ambao hatukuwahi kuwaona. Kazi yangu ilikuwa kuyakoroga. Nilichota, nikasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikasawazisha tena. Kina mama waliolala pale na watoto wao walinibandika jina la Mama Kijiko. Walilitamka kwa kicheko, kwa sababu sikuwa nimeolewa, na mtoto niliyembeleza hivyo, walisema, alikuwa wa plastiki.

Yote haya yalikuwa kwenye nyumba ya kulishia watoto mjini Meru, nyuma ya kanisa, karibu na uwanja wa Kinoru, kiasi kwamba siku za mpira kelele za mabao ziliingia mpaka wodini. Ilikuwa na chumba kimoja cha vitanda vya chuma, jikoni, na veranda ya kuanikia nguo. Iliendeshwa na sista mmoja wa kanisa aliyesomea uuguzi, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Mimi nilikuwa nimemaliza shule bila alama za kunipeleka chuo cha uuguzi. Nilijitolea pale nikiamini kwamba nikijifunza mwenyewe bila kukosea hata kidogo, siku moja mtu ataniona na kuniita.

Nikiri jambo jingine. Kabla ya kufika pale sikuamini kwamba Meru kuna njaa. Nyumbani kwetu ni upande wa juu, kwenye chai, ambako ndizi huoza shambani kwa kukosa wa kuzila. Njaa tulidhani ni kitu cha redio, cha kaskazini. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na soko la Gakoromone, na kila jioni nilirudi nikikanyaga majani ya kabichi yaliyotupwa, nikipita kati ya malundo ya viazi na karoti, baada ya kushinda na watoto ambao nywele zao zilikuwa zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Sikuweza kuviweka vitu hivyo viwili pamoja kichwani. Mpaka leo siwezi.

Bibi mmoja, shosho kama tunavyowaita kwetu, alikuja asubuhi ya baridi, mtoto mgongoni, wametokea Ruiri, upande wa chini kabisa ambako mvua ilikuwa imekosa kwa misimu. Mtoto alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka miwili hivi. Mama wa mtoto alikuwa Nairobi akifulia watu nguo, na alikuwa amemwachia shosho mtoto tangu alipomwachisha kunyonya. Shosho alimlisha alichokuwa nacho: uji mweupe, ugali kwa chai ya rangi, na viazi vikipatikana.

Alipomfungua leso, mtu asiyejua angesema mtoto ameshiba. Mashavu yalikuwa yamejaa, miguu minene, mikono kama ya mwana wa tajiri. Lakini ngozi ya mapaja ilikuwa inabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, na uso haukuwa na habari na mtu yeyote. Sista alibonyeza unyayo wake kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale pale.

"Ni maji," aliniambia. "Huyu amevimba kwa njaa."

Shosho alimwangalia kama mtu anayeambiwa kwamba ng'ombe wake ni mbuzi. Alikuwa amemleta kwa sababu ya ngozi. Alitaka dawa ya kupaka.

Alikubali kubaki, na kabla ya kuvua viatu aliniambia kilichokuwa moyoni mwake. Binti yake alikuwa amepiga simu kwa jirani: angekuja nyumbani kumwona mtoto mwajiri akimruhusu. "Nilimwambia, nenda, mtoto wako yuko na mimi," alisema. "Sasa nikimrudisha mtoto mbaya, nitamwambia nini yule?"

"Hatakuwa mbaya, shosho. Atapona."

Nilisema hivyo upesi sana. Sikumweleza kwamba kupona kungeanza kwa kupungua. Nilidhani ni jambo dogo, kwa kuwa kitabuni lilikuwa sentensi moja tu.

Kila asubuhi tulimtia mtoto kwenye kaptura ya turubai na kumning'iniza kwenye mizani. Tulimpa maziwa kidogo kidogo, mchana na usiku, wala hatukuruhusu chakula kingine, kwa sababu mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu ukishtuliwa na chakula kingi moyo unaweza kusimama. Na mtoto akaanza kukojoa. Alikojoa mpaka shosho akachoka kufua. Maji yakatoka usoni kwanza, kisha mikononi, mwisho miguuni, na chini ya maji hayo hapakuwa na mtoto mnene. Palikuwa na mifupa, ngozi iliyolegea kama gunia lisilo na kitu, na macho makubwa.

Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kwa namna inayonitia aibu, kwa sababu mambo yalikuwa yakienda kama kitabu kilivyosema. Shosho hakujua kusoma, lakini mshale wa mizani aliuona. Kila siku ulirudi nyuma.

"Mama Kijiko," aliniita asubuhi moja, bila kucheka. "Hiki kikombe chako, hakiwezi kujaa?"

"Kimejaa kiasi chake, shosho."

"Kiasi cha nani?"

Nilimweleza habari za chumvi ya mwili na ini na moyo. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kwa Kimeru kilichojaa maneno ya Kiingereza kwa sababu kwetu hakuna mtu aliyewahi kuyahitaji maneno hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamfunika mtoto uso kwa leso, ili wenzake wa vitanda vingine wasimwone.

Jumapili kikundi cha akina mama wa kanisa lake kilikuja kumwona mgonjwa. Kwetu hakuna mtu wa kumzuia mgeni wa aina hiyo. Mgonjwa haendewi mikono mitupu. Walikuja na vitambaa vyao vya kikundi kichwani, wakaleta mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, chupa za chai, mikate, ndizi mbivu, na soda kwa ajili ya watoto. Waliimba mlangoni. Wodi nzima ilichangamka. Sista hakuwepo, alikuwa amempeleka hospitali kuu mvulana wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa ameanza kupumua vibaya tangu asubuhi. Nilibaki mimi.

Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alifunua leso ya mtoto. Wimbo ukakatika.

"Huyu ndiye yule?" aliuliza. "Yule aliyekuja hapa na mashavu?"

Shosho alimvuta mtoto karibu.

"Mlimchukua akiwa amejaa. Sasa angalia! Ati nyumba ya kulisha watoto. Mnalisha nini hapa, upepo?"

Wengine walicheka kidogo, kicheko cha kuficha hofu. Nilisogea. "Mama, ile haikuwa nyama. Yalikuwa maji. Sasa yametoka, ndiyo tunaona hali yake."

"Maji? Kwani mimi na wewe ni mawe? Kila mtu ana maji."

"Ni maji ya ugonjwa, mama."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Haya." Akawageukia wenzake. "Mmesikia."

Alipakua mukimo kwenye sahani, akamega kipande, akakipeleka mdomoni mwa mtoto. Nikaushika mkono wake. Sikuwa nimewahi kumshika mwanamke wa umri wa mama yangu hivyo. Nilimwomba radhi, na bado sikuuachia. Nilimwambia kwamba chakula chake ni kizuri lakini siku hiyo kingeweza kumuua.

"Mukimo unaua," alisema polepole. "Mungu wangu, tumefika mahali chakula kinaua mtoto mwenye njaa, na mwenye kusema hivyo ni kasichana kanakopima maziwa kama mtu anayepima dhahabu."

Aliirudisha sahani. Waliomba, sala ndefu, wakitaja wazi wazi wale wanaowanyima wadogo riziki yao. Nilisimama kichwa chini pamoja nao nikasema amina, kwa sababu usiposema amina unakuwa umekiri. Vyakula waliwapa watoto waliokwisha kupona, ambao wangeweza kula, na kwa hilo walikuwa wakarimu mno. Walipoondoka, shosho alikaa ukingoni mwa kitanda akiwatazama wakiteremka njia.

"Wataenda kusema," aliniambia. "Kabla binti yangu hajafika stendi, atakuwa ameambiwa."

Kesho yake asubuhi alikunja blanketi, akakiosha kikombe, akakipindua kikauke. Hakunikasirikia. Heri angenikasirikia. Alimfunga mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa mwepesi kiasi kwamba leso ilizunguka mara ya ziada.

"Bado hajaanza kula, shosho. Ukimtoa sasa atavimba tena."

"Akivimba," alisema, "angalau atafanana na mtoto."

Sista alirudi mchana, blanketi la mvulana wa dirishani likiwa mkononi, halina mtu. Aliliweka kwenye beseni, akamwaga maji. Mimi nilienda jikoni nikatoa mikebe yote, nikasoma maandishi yake mwanzo hadi mwisho, nikajaribu kukumbuka kila kikombe nilichompa yule mvulana. Je, kuna siku nilivihesabu vijiko vibaya? Je, maji yalichemka? Sista alinikuta nimekaa sakafuni.

"Alikuja amechelewa," alisema. "Hukumuua."

"Unajuaje?"

"Najua kwa sababu na mimi nilishawahi kukaa hapo chini ulipokaa. Inuka, kuna watoto wengine wanangoja saa yao."

Nilikoroga maziwa. Nikayamwaga kwa bahati mbaya, nikakoroga mengine, na nikaona uchungu wa kumwaga maziwa ya msaada zaidi ya nilivyoona uchungu wa kifo cha yule mvulana. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Naliandika tu.

Baada ya siku kadhaa sista aliazima pikapu ya kanisa tukateremka Ruiri. Barabara ilipoacha kijani, tuliona mahindi yaliyokauka yakiwa na urefu wa goti, na mbuzi wakiyala pasipo mtu wa kuwafukuza. Boma la shosho lilikuwa nyumba ya mbao na jiko la nje. Mtoto alikuwa amekalishwa juani juu ya gunia. Alikuwa amejaa tena. Mashavu yalikuwa yamerudi, na mikono ile ya mwana wa tajiri.

Mwenyekiti alikuwepo, na wenzake wawili, wakichambua kunde. "Muga," tulisalimiana, na wakatupa viti vya heshima, maana mgeni ni mgeni.

"Mmeona?" mwenyekiti alisema, na furaha yake haikuwa ya dhihaka. Alikuwa amefurahi kweli. "Uji wetu wa hapa hapa. Siku chache tu. Sisi tulizaa, sisi tunajua."

Sista alinitazama. Nilipiga magoti mbele ya mtoto, nikabonyeza mguu wake, nikaachia, nikawaonyesha shimo. Moyoni niliona nimeshinda. Nani angebishana na shimo?

Mwenyekiti aliinama akalitazama. Kisha akanyoosha mguu wake mwenyewe, mnene, uliosimama sokoni miaka mingi, akaubonyeza juu ya kifundo. Shimo likabaki.

"Na mimi je? Nimeshikwa na njaa?" Akajipiga tumbo. "Haki, mniletee kijiko!"

Waliangua kicheko mpaka kunde zikamwagika. Hata sista alijing'ata mdomo. Mimi nilibaki chini kwenye vumbi. Kitabu hakikuwa kimeandika habari za miguu ya mwenyekiti.

Shosho pekee hakucheka. Alikuwa anamtazama mtoto. Nzi alikuwa ametua pembeni mwa jicho lake, akatembea mpaka puani, akarudi. Mtoto hakupepesa. Sista alimwambia shosho kwa upole kwamba kitanda bado kipo. Shosho alishukuru, akatusindikiza mpaka kwenye gari, akasimama mkono mmoja juu ya mlango, kana kwamba anataka kusema neno, halafu akauondoa.

Alikuja mwenyewe. Niliwakuta veranda asubuhi, yeye na mtoto, wamekaa kimya mlango ukiwa bado umefungwa. Miguu ya shosho ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Mtoto mnene hufukuza nzi," aliniambia, kabla sijamsalimia. "Nimelea saba. Hata aliye mvivu kabisa hufukuza nzi."

Hakuna aliyejua yuko pale. Alikuwa ametoka kabla majirani hawajawasha moto. Binti yake alikuwa amepiga simu tena, mwenyekiti akaongea naye, akamwambia mtoto yuko vizuri, amenenepa, asiwe na wasiwasi wala asihangaike kuomba ruhusa. "Kwa hiyo sasa," shosho alisema, "akifa, amefia mikononi mwangu baada ya kila mtu kusema ni mzima."

Safari hiyo mtoto alikuwa mgonjwa zaidi. Kifua kilimbana, homa ikapanda, ngozi ya mapaja ikafunguka vidonda. Mshale wa mizani ukaanza kurudi nyuma kama mwanzo, na shosho akautazama, akaacha kuutazama. Hakumfunika uso tena. Aliuliza tu saa ya kikombe, na alikiinua yeye mwenyewe mdomoni mwa mtoto, tone kwa tone, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo, kwa sababu mimi nilitaka kikombe kiishe ili niandike kwamba kimeisha. Kulikuwa na siku ambazo mtoto alitema kila kitu. Kulikuwa na asubuhi moja ambayo sista alikaa nao muda mrefu, akaniambia nisimpime, nimwache.

Kisha, mchana mmoja, nikiwa nachelewa kuleta maziwa kwa sababu nilikuwa nasawazisha kijiko, nilisikia mtu analia wodini. Kilikuwa kilio cha hasira. Nilikimbia. Alikuwa ni yule mtoto, mifupa mitupu, mdomo wazi, anaangalia mlangoni ambako kikombe hutokea.

"Anakutukana," shosho alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hajishughulishi kuyafuta. "Sikia anavyokutukana."

Aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa bado mwembamba, maji yamekwisha, anakula, na pakiti za siagi ya njugu za kumalizia matibabu zikiwa ndani ya kiondo cha shosho. Sista alimwonya: pakiti hizi ni za mtoto huyu peke yake, na kwa kiasi chake. Wiki iliyofuata nilitumwa kwenda kuona hali.

Niliwakuta akina mama wa kikundi wamesimama uani, mwenyekiti mbele, sufuria iko chini. Mlango wa nyumba ya mbao ulikuwa umefungwa. Kwetu, mlango kufungwa mchana na mwenyewe yumo ndani ni jambo ambalo halijatokea.

"Tumekuja kumwona mtoto," mwenyekiti aliita. "Tumesikia alikondeshwa tena."

"Mmefanya vizuri kuja," shosho alijibu kutoka ndani. "Leo sina chai."

"Hatutaki chai! Tumekuja na chakula."

"Rudini nacho."

Walitazamana. Mmoja alisema polepole, "Amerogwa huyu." Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilisogea mlangoni, nikajitaja kwamba ni mimi, Mama Kijiko, nimetumwa na sista kuangalia uzito, na kuhakikisha pakiti zinatolewa sawasawa.

Komeo la mlango halikusogea.

"Na wewe pia, rudi," alisema.

"Shosho, ni mimi."

"Nimekusikia. Hawa walimwangalia akiwa mnene, wakafurahi. Wewe ulimwangalia akiwa mwembamba, ukafurahi. Nilikuona. Sasa nimechoka kuangaliwa. Niacheni nimlishe."

Alikuwa ameniona kweli. Nilirudi nyuma mpaka kwenye jiwe la uani nikakaa. Mwenyekiti alikaa kando yangu, kwa uzito wake wote, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. "Mama yake huyo mtoto nilimpokea mimi, siku alipozaliwa," alisema, akiutazama mlango. "Katika nyumba hiyo hiyo."

Ndani, mtoto akaanza kulia.

"Analia," mwenyekiti alisema.

"Ndiyo."

"Ni njaa?"

"Ni njaa."

Akafanya kama anayeinuka, mkono kwenye sufuria, halafu akabaki alipo. Kilio kikakatika ghafla, kama kinavyokatika mdomo ukipata kitu. Tulingoja. Hakuna aliyetufungulia, na sijui alipewa kiasi gani.